Mizunguko Tisa ya Alfani

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka huacha ninachokifanya. Juzi uliponionyesha simu yako wakati napeta ulezi, niliweka ungo chini, ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Ilikuwa ni ile Jumamosi imerudi.

Ulifika hapa Izia mchana, ukanisalimia, "Shikamoo, baba mkubwa," nikaitikia, na kabla hujakaa vizuri ukaanza kunipa habari za timu ya mpira wa kikapu ya chuo chenu. Kwamba kocha ni mpya. Kwamba amepokea wasichana watano waliohamia kutoka vyuo vingine, na nafasi alizonazo ni tatu tu. Kwamba mashabiki mna kundi lenu kwenye simu, na wewe, Gaudensia, ndiye uliyekabidhiwa kazi ya kukusanya maoni: dole juu abaki, dole chini aondoke. Kocha amesema Jumamosi atayatazama kabla hajaamua.

"Huyu wa Mtowisa ndiye anayetusumbua," ukasema. "Ona mwenyewe. Kapanda na kushuka uwanja mara mbili tu, kashika kiuno. Mzito huyu, baba mkubwa. Sisi tunamwita Trekta."

Ukacheka. Mimi nikaitazama ile video. Msichana mrefu, ameinama, mikono iko magotini, mvuke unamtoka mdomoni kwa baridi ya asubuhi. Nyuma yake zinasikika sauti za watu wanaocheka, na moja niliitambua kuwa ni yako. Ukaniuliza, "Wewe ungepiga dole gani?" Nikakujibu kwamba nitakuandikia. Uliona ajabu, lakini nilijua kwamba nikilisema kwa mdomo nitalikatisha njiani. Basi kaa, usome mpaka mwisho.

Na mimi nilikuwa shabiki. Nilisoma ualimu katika chuo kimoja hapa hapa juu Ufipa, ambacho sina haja ya kukitaja jina. Uwanja wetu wa kikapu ulikuwa wa saruji iliyopasuka pasuka, umejengwa kando ya ghala la mahindi ya shamba la chuo. Goli la upande wa ghala lilikuwa limelala kidogo kushoto. Wageni walikosa hapo mara nyingi, sisi wenyeji tulijua namna ya kulipigia. Mashabiki tulikaa kwenye ngazi za ghala kwa kuwa ukuta wake ulitukinga upepo, na upepo wa miezi ile ya katikati ya mwaka unaujua, hauhitaji kuelezwa.

Sikuwa mchezaji. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Nilikuwa na daftari nililolipiga mistari kwa rula, kila mchezaji na safu yake, na kila siku na tarehe yake: nani amefunga, nani amepoteza mpira, nani kachelewa mazoezini. Wenzangu waliniita Karani. Jina lilinipendeza kuliko nilivyoonyesha. Mabishano yakiwa makali pale kwenye ngazi, mtu angesema, "Ngojeni, Karani afungue daftari," na wote wangenyamaza. Kijana wa miaka ishirini na moja akinyamaziwa na watu ishirini hulewa bila pombe.

Mwaka ule tulimfukuza kocha. Hatukuwa na mamlaka hayo, lakini tulimwimbia nyimbo za kumkejeli, tukasusia mechi, hata akaomba mwenyewe kupumzishwa. Akaletwa mwingine, Mwalimu Gwakisa, mtu wa upande wa Tukuyu, mpole, mwenye koti refu asilolivua hata akifundisha. Alikuwa amesikia yaliyompata mwenzake. Nadhani alituogopa, ingawa siku zile mimi niliona ni heshima.

Wiki ya pili tangu afike, walikuja vijana watatu. Chuo chao cha huko mabondeni kilikuwa kimefunga masomo yao katikati ya mwaka, nao walikuwa wakitafuta pa kumalizia. Chuo chetu kilikuwa kimejaa. Mkuu wa chuo akakubali kupokea wawili tu zaidi ya idadi, kwa sharti kwamba wawe ni wale ambao kocha anawahitaji kwenye timu. Wa tatu angerudi kwao kusubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo elewa, mwanangu, kwamba hatukuwa tukichagua tu nani acheze. Tulikuwa tukichagua nani awe mwalimu. Hilo lilisemwa wazi mbele yetu, na mimi nililiandika.

Wa kwanza aliitwa Kondradi, mzaliwa wa Matai, huku huku juu. Wa pili alikuwa binamu yake, mfupi, mwepesi, nao walicheza kama watu waliolala kitanda kimoja utotoni. Wa tatu alikuwa Alfani, wa Kirando, ziwani. Mrefu kuliko wote tuliowahi kuwaona pale. Viganja vyake vilikuwa vipana, mpira ukiingia humo ulionekana kama chungwa. Siku ya kwanza alisimama chini ya goli na kudaka kila mpira uliorudi, tena bila kuruka. Tukapiga makofi.

Kisha wakaambiwa wakimbie.

Mwalimu Gwakisa alikuwa na desturi ya kuwazungusha wachezaji uwanja wa mpira wa miguu kabla ya mazoezi, mizunguko kumi na miwili. Kondradi na binamu yake walimaliza wakiwa wanapiga soga. Alfani alizunguka mara tatu, akasimama, akaweka mikono magotini, kifua kikienda kama mvukuto. Rafiki yangu Fulgensi, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akasimama kwenye ngazi akapaza sauti:

"Jamani mleteeni kasia! Hajazoea nchi kavu!"

Tukaangua kicheko. Alfani naye alicheka, akiwa bado ameinama, akainua mkono kama mtu anayesema nipeni kidogo. Siku ya pili akazunguka tatu tena. Fulgensi akasema, "Mnamlaumu bure, huyu samaki katolewa majini, mnataka akimbie?" Tukacheka zaidi. Nakuomba uliweke hilo akilini, kwa maana katika watu wote pale, aliyekaribia kusema kweli ni Fulgensi, naye alikuwa anatania.

Wiki nzima ikaenda hivyo. Mimi nilihesabu na kuandika. Kondradi kumi na mbili, binamu kumi na mbili, Alfani tatu, tatu, nne, sita, saba. Jumamosi akafika tisa. Niliandika hiyo tisa kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu, nikaendelea na safu inayofuata.

Baada ya mazoezi ya Jumamosi, kocha akatujia kwenye ngazi. Wale watatu aliwaacha wamekaa kwenye benchi, hatua kama thelathini kutoka kwetu. "Ninyi mmeiona timu hii miaka mingi kuliko mimi," akasema. "Nataka kuwasikia."

Kusikia tu kungetosha. Lakini sisi tulikuwa na utaratibu wetu, na tuliutumia hata kuchagua kiongozi wa bweni. Kopo linazungushwa. Anayetaka mtu abaki anatumbukiza punje ya hindi, anayetaka aondoke anatumbukiza haragwe. Mkono unaingia umefungwa na kutoka umefungwa, hakuna anayemjua mwenzake katia nini. Ghala lilikuwa nyuma yetu, kwa hiyo mahindi na maharage hayakutupa taabu. Tuliuona ni utaratibu wa haki kabisa.

"Kwanza Karani asome," wakasema.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. Mazoezi yakiendelea nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi nikajumlisha, kwa sababu niliamini jumla ndiyo inayoonyesha ukweli. Nikasoma kwa sauti ya kutosha kufika kwenye benchi, tena nakiri nilikusudia ifike: "Kondradi, mizunguko sabini na miwili kwa siku sita. Mwenzake, sabini na miwili. Alfani, thelathini na miwili." Nikafunga daftari. Nikaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye daftari. Nikasema, "Urefu anao. Nia hana."

Kopo likazunguka kwa jina moja tu, la Alfani. Punje zote hulia sawa kwenye bati, hindi au haragwe. Alfani alikuwa anatazama chini, anafungua kamba za viatu polepole, anazifunga tena. Kopo liliponifikia nilitia haragwe. Kocha alipolimwaga kwenye ngazi, tukahesabu mahindi matano, na yaliyobaki yote yalikuwa maharage. Mwalimu Gwakisa akayasukuma kidogo kwa ncha ya kiatu, kisha akaenda kwenye benchi kuzungumza naye. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona Alfani akisimama na kumpa mkono kocha kwa adabu. Alipopita mbele ya ngazi zetu akatuaga. Wachache waliitikia.

Kesho yake, baada ya misa, nilitembea kwenda nyumbani kumwona mama. Alikuwa anasonga ugali wa ulezi, na mimi nikakaa pale jikoni nikimsimulia habari za wiki, kama nilivyozoea, maana nilikuwa na mengi ya kujisifia. Nikamweleza habari za mtu wa Kirando asiyeweza kukimbia. Nikaigiza alivyokuwa akihema. Mama akaacha mwiko ndani ya chungu.

"Ana siku ngapi huku juu?" akauliza.

"Wiki moja."

"Wiki moja," akarudia. Akakaa kwenye kigoda, jambo asilolifanya chungu kikiwa jikoni. "Unajua mimi nimezaliwa wapi?"

Nilijua. Mama alikuwa mtu wa Kirando. Nilijua kama mtu anavyojua jina la ukoo wake, bila kulifikiria.

"Nilipoletwa huku kuolewa," akasema, "mwezi wa kwanza nikitoka kisimani na maji kichwani nilikuwa nasimama mara tatu. Hewa yenu hii haikuwa inatosha kifuani. Na baridi yenu inaingia mpaka kwenye meno. Usiku nilikuwa naamka nadhani nakufa. Wifi zangu wakaniita mzigo. Wakakaa kikao, hapo hapo ulipokaa wewe, wakamwambia baba yako anirudishe, ameoa mvivu."

"Baba akasemaje?"

"Baba yako si mtu wa maneno. Alisema, 'Tuvune ulezi kwanza.' Basi. Na tulipofika kuvuna ulezi, nilikuwa nawaacha wote nyuma na mzigo kichwani." Akaurudia mwiko wake. Hakunitazama tena. "Wewe umezaliwa kwa sababu kuna mtu alisubiri. Halafu unakwenda kumhesabia mtu pumzi."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningejitetea.

Nikatoka nje nikafungua daftari. Safu ya Alfani ilikuwa pale pale, kwa wino wangu. Tatu, tatu, nne, sita, saba, tisa. Mtoto wa darasa la kwanza angeiona. Kondradi alianza na kumi na mbili, akamaliza na kumi na mbili, na hakuna aliyejua kama angeweza kumi na tatu. Alfani alikuwa anapanda kila siku, na mimi, mwenye daftari, niliziona namba zote sita, nikazichukua na kuzijumlisha zikawa thelathini na mbili. Mwanangu, sikudanganya hata tarakimu moja. Kila nilichokisoma mbele ya wale watu kilikuwa sahihi, isipokuwa sentensi ya mwisho. Na hiyo ya mwisho ndiyo waliyoishika.

Nilirudi chuoni kwa miguu, sehemu nyingine nikikimbia. Bwenini kitanda chake kilikuwa kimekunjwa godoro. Fulgensi akaniambia, "Kaondoka asubuhi, kapata lori la watu wanaoteremka ziwani." Hakuwa na utani siku hiyo. Jumatatu nilimwendea Mwalimu Gwakisa, nikamwonyesha safu ile. Aliifuata kwa vidole, namba moja moja.

"Majina mawili yameshapelekwa kwa mkuu," akasema. Kisha akanirudishia daftari. "Halafu, Karani, si ninyi mliopiga kura?"

Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye kocha. Lakini ningemwambiaje, wakati sisi ndio tuliomfundisha kutuogopa? Nikawauliza wenzangu mmoja mmoja nani alitia haragwe. Hakuna aliyekiri. Fulgensi aliniapia kwamba alitia hindi. Na mwingine, na mwingine. Mpaka wiki ile inakwisha nilikuwa nimepata mahindi kumi na manne, na kopo lilikuwa na matano. Kila mtu alikuwa ameweka jambo lile mkononi mwa wenzake. Baadaye Kondradi naye aliacha timu, kucheza hakukumvutia, akamaliza ualimu wake salama na nadhani alikuwa mwalimu mzuri. Hana kosa lolote.

Miaka ilipita. Nikawa mwalimu, nikahamishwa huku na huku, na mwaka mmoja nikapelekwa Kirando kusimamia mitihani. Jioni ya kwanza nilitembea ufukweni, mahali wanapoanika dagaa. Kulikuwa na mtu mrefu anawageuza kwa ufagio wa vijiti, anatembea kinyumenyume, hatua ndefu. Nilimjua kwa viganja. Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia, yeye akasema, "Karani."

"Alfani."

"Bado unaandika?"

Nikamwambia naandika kwenye ubao tu. Akatabasamu kidogo. Nikamuuliza kama aliwahi kurudi masomoni. Akasema mwaka uliofuata baba yake aliumwa, na mwaka wa pili hapakuwa na wa kuangalia mtumbwi, na mwaka wa tatu aliacha kuulizia. Alisema kama mtu anayetaja vituo vya basi. Kisha akasimamisha ufagio.

"Ile Jumamosi nilifika tisa. Uliandika?"

"Niliandika."

"Na mimi nilikuwa nahesabu," akasema. "Nilijua Jumatatu nitapata kumi na moja. Kifua kilikuwa kimeanza kufunguka, nilikisikia. Kila nikisimama nilikuwa nakutazama wewe, umeinamia daftari, najisemea, wengine wanacheka, lakini yule jamaa anaona."

Nilimwambia samahani, nayo ilitoka ndogo. Akaipokea kwa kichwa, akaendelea kugeuza dagaa, maana jua lilikuwa linakwenda. Nilipoaga akanifungia dagaa kwenye gazeti, nikakataa, akanishikisha kwa nguvu. "Mtu haondoki Kirando mikono mitupu," akasema.

Niliwapeleka nyumbani kwa mama. Aliwanusa, uso ukafurahi, maana ni harufu ya kwao. "Wa nani?" akauliza. Nikamweleza. Akawafunga tena kwenye gazeti lile taratibu, akawasogeza upande wangu.

"Hawa utakula mwenyewe."

Niliwala, mwanangu. Peke yangu, siku tatu.

Sasa nakuja kwenye simu yako. Kura zenu zinafungwa Jumamosi, na wewe ndiye utakayempelekea kocha majibu. Huyo msichana unayemwita Trekta anatoka Mtowisa, chini kabisa bondeni, kwenye joto, ambako hewa ni nzito na watu hulala nje. Wewe umezaliwa Kizwite, huku juu. Hujawahi hata siku moja kukosa pumzi hapa kwa sababu hujawahi kuvuta nyingine. Kabla hujauliza mtu anaweza nini, muulize ametoka wapi na ana siku ngapi. Una video zake za wiki nzima, uliniambia mwenyewe. Usizitazame kwa kumlinganisha na wenzake. Zipange kwa tarehe, za kwake peke yake, uone kama siku ya sita inafanana na ya kwanza. Inawezekana nikawa nimekosea, ikawa kweli hawezi. Basi utajua kwa kutazama, na utalisema mbele yake kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Jambo la pili. Usijifiche katika wingi wa watu. Madole mia yanaweza kumwondoa mtu, na asubuhi yake hutampata hata mmoja aliyemwondoa. Ukitaka aondoke, ondoka kwenye kundi, nenda kwa kocha kwa miguu yako, mwambie ni mimi Gaudensia ninayesema hivyo, na hii ndiyo sababu. Ukiona huwezi kulisema hivyo, basi hata kwa dole usiliseme. Na kocha wenu, msimtishe. Kocha anayewaogopa mashabiki atawapa mnachokitaka, na mtakitaka kabla hamjakifikiria.

Na jambo la mwisho ni la baba yangu, ambaye hukumkuta. Mwambie kocha asubiri. Wiki tatu, nne, si nyingi kwa mtu mwenye nia ya kusubiri. Tuvune ulezi kwanza.

Daftari langu bado ninalo. Nimeliweka ndani ya bahasha hii pamoja na barua, wino umefifia lakini safu ya Alfani inasomeka. Likae kwako. Mungu akulinde katika masomo yako, mwanangu, akujalie macho yanayoona na yanayosoma kilichoonekana. Akuepushie Jumamosi kama yangu. Akupe pumzi siku zote za maisha yako, na akupe moyo wa kumngoja yule ambaye pumzi yake bado iko njiani inapanda.